Mwongozo kamili wa kupanda fensi ya kayaba sehemu kavu, kuanzia mbegu mpaka ua ambalo mbuzi hapiti

Kila mwaka ni hadithi ile ile. Mvua ya Novemba ikigonga bati watu wanakimbia kununua miche ya kayaba, ule mti wa miiba wa kuzungushia ploti, mia mbili, mia tatu, wanapanda wikendi moja wanarudi mjini, alafu Februari wananitumia picha za vijiti vikavu na swali moja: "Si walisema hii kitu haitaki maji?" Wengine kayaba zao hazikufa, zilishika vizuri tu, lakini huu ni mwaka wa tano na ukisimama barabarani unaona mpaka mlango wa jikoni, kwa sababu ua lina majani juu na chini ni miguu mitupu.

Mimi nimepanda kayaba huku Kajiado mara mbili. Mara ya kwanza nilipoteza zaidi ya nusu kwa kosa hilo hilo la maji. Mara ya pili nilifanya vile nimeandika hapa chini na saa hizi hata kuku wa jirani anazunguka kwa geti. Soma yote kabla hujatoa pesa, usiruke mpaka pale kwa kukata.

Jambo moja liweke kichwani kabla ya mengine. Kayaba inastahimili ukame ikishakomaa, mizizi ikishashuka chini kabisa. Mche wa futi moja uliotoka nasari juzi, ambako ulikuwa unamwagiliwa kila asubuhi, haujui ukame ni nini. Ni kama mtoto wa mfugaji, atakuja kutembea kilomita nyingi na ng'ombe lakini sio akiwa na miezi mitatu.

## Hakikisha ni kayaba kweli

Mti ninaoongelea ni Dovyalis caffra. Kenya tunaita kayaba, wengine kaiyaba, wengine kei apple. Tanzania wengi watakwambia mchongoma, lakini hapo uwe makini kwa sababu jina mchongoma limebeba miti kadhaa yenye miiba, na ukiagiza kwa simu unaweza kuletewa kitu kingine kabisa.

Angalia hivi: miiba imenyooka, haijapinda, na kwa mti mkubwa inaweza kufika sentimita 7. Majani ni madogo, ya kung'aa, yanakaa kwa mafungu. Tunda ni la mviringo, la njano, saizi ya ndimu ndogo, na uchachu wake unakukunja uso. Kama miiba imepinda kama kucha ya paka na mti wenyewe unatambaa na kuparamia vitu, hiyo ni Mauritius thorn, sio kayaba, na huo mti unasambaa kuliko unavyotaka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Miche, pamoja na akiba ya kumi kwa kila mia (kuna itakayokufa, kubali mapema)
- Samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa kila mita ya fensi
- Kamba ndefu, vigingi na tepu ya kupimia
- Jembe, sururu na sepetu
- Nyasi kavu, mabua ya mahindi ama maganda ya maharagwe ya kutandaza
- Matawi makavu ya miiba ama waya, kwa fensi ya muda
- Tangi ama mitungi ya maji, na mkebe wa lita 2 wa kupimia
- Glavu nene za ngozi, gumbuti, na miwani ya kukinga macho
- Makasi ya mkono ya kupogolea na yale makubwa ya kukatia ua

Miwani usiione kama mapambo. Tawi la kayaba likikatwa linaruka, na mwiba huo ukiingia kwa jicho hakuna fensi utajenga itakayolipia. Pia kama sindano yako ya pepopunda ni ya zamani, pitia zahanati kwanza.

## Hatua ya 1: Pima mpaka, alafu hesabu miche na maji

Tafuta bikoni (alama za mpaka) zako zote nne, vuta kamba kutoka moja hadi nyingine, kisha rudi NDANI ya ploti yako futi mbili na uweke kamba ya pili. Hapo ndipo unapanda. Sababu ni kwamba kayaba iliyokomaa inanenepa mpaka kama mita moja hata ukiikata, na ukiipanda juu ya mpaka nusu yake itakuwa barabarani ama kwa jirani, na siku ya kugombana utaambiwa ung'oe mti wa miaka sita.

Ndani nako acha nafasi ya mita moja na nusu kabla ya mboga ama mahindi, mizizi ya huu mti inanyonya maji sana na vitu vya karibu vinadumaa.

Sasa hesabu. Ploti ya 50 kwa 100 mzunguko wake ni futi 300, yaani karibu mita 91. Toa geti la mita 4, unabaki na 87. Ukipanda safu moja, mche kila sentimita 30, unahitaji miche 290, ongeza akiba ifike 320. Ukitaka safu mbili zilizopishana, sentimita 45 kati ya mche na mche na sentimita 30 kati ya safu na safu, ni kama 390, na akiba inafika 425 hivi.

Ushauri wangu ni safu moja, isipokuwa kama unapakana na njia ya ng'ombe ama punda milia wanakutembelea. Safu moja iliyokatwa vizuri inashinda safu mbili zilizoachwa zijikulie.

Alafu hesabu ambayo watu hawafanyi. Miche 290, lita 2 kila mmoja, ni lita 580 kila ukimwagilia. Hiyo ni mitungi 29 ya lita 20! Kama maji yako ni ya kununua kwa punda, kaa chini na uulize mfuko. Ukiona haitoshi, panda upande mmoja msimu huu, ule wa barabarani, na upande mwingine msimu ujao. Mita 30 zilizoshika ni bora kuliko mita 87 za vijiti.

## Hatua ya 2: Pata miche

### Ukinunua

Usinunue mche mrefu. Najua unataka kuona fensi haraka na muuzaji anajua hivyo, atakuonyesha ile ya futi mbili na nusu, myembamba kama fimbo, imekaa nasari miaka miwili. Hiyo mizizi yake ndani ya pakiti imejizungusha kama kamba iliyofungwa, na ukiipanda inaendelea kujizungusha hapo hapo badala ya kushuka chini. Inakaa mwaka mzima haiongezeki, alafu kiangazi kinaichukua.

Chukua mche wa sentimita 25 mpaka 35, shina nene kama penseli, wenye matawi kuanzia chini. Muombe mwenye nasari apasue pakiti moja mbele yako. Mizizi iwe mingi, myeupe myeupe kwa ncha, haijazunguka chini. Akikataa kupasua hata moja na wewe unanunua mia tatu, tafuta nasari nyingine.

Muulize pia kama miche imezoeshwa jua. Kama imekuwa chini ya neti ya kivuli mpaka leo, ukifika nyumbani usipande mara moja. Iweke nje wiki mbili, mara ya kwanza jua la asubuhi tu, baadaye siku nzima, huku ukipunguza maji kidogo kidogo.

### Ukiotesha mwenyewe

Ni bei rahisi sana lakini anza miezi minane mpaka kumi kabla ya mvua unayotaka kupandia. Ukitaka kupanda Novemba, mbegu iwe ardhini kufikia Februari ama Machi.

Okota matunda yaliyoiva na kuanguka, ama mbegu nunua; KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu Kenya, pale Muguga wanauza mbegu za miti ya aina nyingi, uliza kama wanayo. Kila tunda lina mbegu kama 5 hadi 15. Ponda matunda kwa ndoo, tia maji, acha usiku mmoja, kisha sugua kwa mchanga mpaka nyama yote itoke. Nyama ikibaki mbegu inaoza kabla haijachipuka, na hapo ndipo wengi wanakosea. Mbegu zinazoelea tupa. Zilizozama zianike KIVULINI siku mbili, sio juani, na uzipande ndani ya wiki chache, ukiziweka kabatini mwaka mzima nguvu inaisha.

Tuta la kuoteshea liwe la mchanga nusu na udongo nusu. Zike sentimita moja tu, funika na nyasi kidogo, mwagilia kila siku na mkebe wenye matundu madogo. Zinaanza kutoka wiki ya tatu ama ya nne na hazitoki pamoja, nyingine zinachelewa, usifukue kuangalia.

Zikiwa na majani manne hamishia kwa pakiti, hata pakiti za maziwa zilizotobolewa chini zinafanya kazi. Kila mwezi inua kila pakiti na uisogeze kidogo. Usipofanya hivo mizizi inatoboa inaingia chini, na siku ya kuhamisha unaikata yote kwa mkupuo.

Utajua umefaulu ukiona: mche umesimama wenyewe bila kijiti, majani ya chini bado yapo, na ukivuta polepole shina halichomoki.

## Hatua ya 3: Andaa ardhi kabla ya mvua

Fanya hii kazi mwezi mmoja kabla. Watu wanachimba siku ya kupanda, wanachoka, mashimo yanakuwa ya kina cha sufuria.

Udongo mwekundu ama wa kichanga: chimba mtaro mmoja mrefu kufuata kamba, upana futi moja, kina futi moja na nusu. Mtaro unashinda mashimo kwa sababu mizizi inapata njia ya kukimbia pande zote na maji ya mvua yanakaa humo. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Ukirudisha, anza na ule wa juu uliochanganywa na samadi, debe moja kila mita, na umalize na ule wa chini. Acha mtaro uwe chini ya ardhi kwa upana wa kiganja ili ushike maji.

Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa Kitengela na Athi River: hapa USICHIMBE mtaro ukaacha hivyo. Ule udongo hauachii maji, mtaro unageuka kuwa bwawa na kayaba haivumilii kusimama majini, mizizi inaoza, majani yanakuwa ya njano, na mtu anaongeza maji akidhani ni kiu. Badala yake lima kwa sururu mpaka ulainike, changanya samadi na mchanga kama upo, alafu inua tuta la futi moja kwenda juu na upande juu ya tuta. Mfereji wa maji uwe pembeni, upande wa juu wa mteremko.

Samadi iwe imeoza kweli. Shika mkononi: kama bado inanuka mkojo ama ina joto, haijawa tayari, itachoma mizizi na kuita mchwa.

## Hatua ya 4: Siku ya kupanda

Sehemu zetu kavu napendelea mvua ya Oktoba na Novemba. Ukipanda hapo, kiangazi cha Januari na Februari ni kifupi, na Machi ama Aprili mvua inarudi. Ukipanda Aprili, kuanzia Juni unakaa karibu miezi mitano ukibeba mitungi.

Usipande na mvua ya kwanza. Ngoja ardhi ilowe, choma kijiti, kikishuka kwa urahisi kina cha kiganja na vidole, sasa panda. Chagua jioni ama siku ya mawingu.

Mwagilia mche ukiwa kwa pakiti, kata pakiti na wembe, USIVUTE SHINA. Kama mizizi imezunguka chini, kata hiyo sehemu ya mwisho sentimita moja ama mbili. Weka mche usawa ule ule uliokuwa nao kwa pakiti, sio chini zaidi. Rudisha udongo, kanyaga taratibu na kisigino kuutoa hewa, tia lita 2 hata kama mawingu yameshuka.

Tandaza nyasi unene wa kiganja, lakini acha duara tupu la upana wa mkono kuzunguka shina. Nyasi zikigusa shina mchwa wanapanda kupitia hapo, na mchwa akishakula gamba kuzunguka shina lote, huo mche umekwisha.

Umefaulu: baada ya wiki mbili majani ya juu yamesimama mapema asubuhi. Mchana yakilegea kidogo siku za jua kali sio shida, yakiwa yamelegea hadi asubuhi hiyo ni shida.

## Hatua ya 5: Kiangazi cha kwanza

Hapa ndipo kayaba nyingi zinafia, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Mvua ikikosa wiki nzima, anza kumwagilia. Ratiba yangu ilikuwa hivi:

- Mwezi wa kwanza: mara mbili kwa wiki, lita 2 kwa mche
- Mwezi wa pili na wa tatu: mara moja kwa wiki, lita 3
- Baada ya hapo mpaka mvua irudi: kila wiki mbili, lita 4 ama 5

Unaona maji yanaongezeka lakini siku zinapungua. Ni makusudi. Ukimwagilia kidogo kidogo kila siku maji yanabaki juu, na mizizi inabaki juu kuyafuata, siku ukisafiri jua linaipika. Ukitia mengi kwa mpigo maji yanashuka, juu panakauka, na mzizi unalazimika kushuka kuyatafuta. Unaufundisha kujitegemea.

Mwagilia jioni, na mimina polepole usiondoe udongo. Kwa ile miche michache iliyo dhaifu, toboa chupa ya lita moja na nusu tundu dogo chini, izike nusu karibu na mche, jaza maji yawe yanavuja yenyewe.

Kwa udongo mweusi kuna jambo la ziada: ukikauka unapasuka nyufa zinazoingia mkono mzima, na zile nyufa zinakata mizizi na kuingiza hewa ya moto. Kila ukiona ufa, jaza udongo laini na urudishe nyasi juu.

Kama huishi kwa ploti, tafuta mtu wa kulipwa kumwagilia, mpe mkebe wa lita 2, na mkubaliane siku. "Jirani ataangalia" sio mpango. Jirani ana shamba lake.

Kiangazi cha pili unatia maji mara moja kwa mwezi kwa ile inayoonekana kuchoka. Cha tatu huna kazi tena, itajitafutia.

## Hatua ya 6: Mbuzi

Watu wanashangaa mbuzi anakula mti wa miiba. Chipukizi la kayaba ni laini na mwiba wake mchanga ni laini pia, na mbuzi analipenda sana. Mbuzi akipita mara mbili kwa mwezi fensi haipandi kabisa.

Kabla hujapanda, sio baada, zungushia nje kwa matawi makavu ya miiba vile watu wanafanya boma, ama waya nyuzi tatu. Iache hapo miaka miwili mpaka mitatu. Najua ni gharama ya kujenga fensi ya kulinda fensi lakini sijaona njia nyingine huku kwetu.

## Hatua ya 7: Kata mapema, kata chini

Sasa ile sehemu inayouma.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ikishika, kayaba zako zina kama sentimita 40 na umezihangaikia miezi mitano. Chukua makasi, weka rula ya shule imesimama ardhini, na ukate kila mche chini kidogo ya urefu wa rula hiyo, sentimita 20 mpaka 25. Yote. Hata ule mzuri uliowazidi wenzake, huo hasa.

Mti wowote ukiuacha, nguvu yake inaenda kwa ncha ya juu kabisa, unarefuka kutafuta jua na matawi ya chini yanapata kivuli yanakufa. Kayaba ikishapoteza matawi ya chini haiyarudishi kirahisi. Ukikata ncha, macho yaliyolala chini, yaani sehemu za kuchipukia, yanaamka, shina moja linatoa matawi matatu, manne, matano. Kumbe fensi inajengwa kutoka chini kama ukuta wa mawe, huwezi kuweka kozi ya tano kabla ya ya kwanza.

Mara yangu ya kwanza, zile chache zilizopona niliziacha zirefuke kwa sababu ya huruma, zikafika kifua nikawa nafurahi. Mzee mmoja mfugaji akapita akaniambia, "Kijana wangu, imependeza. Lakini mbuzi zangu zinapita hapo chini kila siku, wewe huzioni?" Nikainama nikaangalia. Kweli, njia ilikuwa wazi kabisa.

Baada ya kata ya kwanza endelea hivi: machipukizi yakiongezeka sentimita 20, kata nusu, acha 10. Na pembeni pia kata ncha kidogo ili zitawanyike. Kwa mwaka utakata mara tatu ama nne, ua litapanda sentimita 30 hadi 40 kwa mwaka. Inaonekana pole pole. Mwaka wa tatu mbuzi atashindwa, na wa nne ama wa tano utakuwa na ua la futi tano ambalo mtu hapenyi.

Mambo ya kuzingatia:

- Kata mvua ikianza ama ikiwa katikati. Ukikata kiangazi, chipukizi linatoka na kuungua.
- Tumia makasi makali, sio panga. Panga linapasua shina na ufa unakauka kwenda chini, unaua macho yale uliyokuwa unayataka.
- Usikate mche ambao bado ni mgonjwa. Ule uliobaki na majani matano uache mpaka upate nguvu.

Umefaulu: wiki tatu baada ya kukata, kila shina limetoa machipukizi yasiyopungua matatu, na angalau moja liko chini ya goti.

## Hatua ya 8: Suka na uzibe

Mwaka wa pili matawi ya pembeni yakiwa na urefu wa mkono na bado yanapinda, yachukue ukiwa na glavu, yalaze kuelekea mche wa jirani yake, pitisha moja mbele moja nyuma, funga na katani ama kamba ya gunia inayooza yenyewe. Usitumie waya, shina likinenepa waya unalikata.

Pale mche umekufa, panda mwingine mvua ikija, lakini chimba upya na utie samadi upya, kwa sababu wenzake wakubwa tayari wamechukua chakula cha hapo. Pengo la mwaka wa tatu na kuendelea mche mdogo hauliwezi kwa sababu ya kivuli, hapo ni kulaza matawi ya pande zote mbili mpaka yakutane.

## Hatua ya 9: Umbo na usafi

Ua likifika urefu unaotaka, likate chini pana na juu jembamba, kama paa la nyumba lililosimama. Chini likiwa sentimita 90, juu liwe 60. Wengi wanafanya kinyume kwa sababu juu ndipo mkono unafika vizuri, matokeo yake sehemu ya juu inafunika ya chini na ile miguu mitupu inarudi. Mara mbili kwa mwaka inatosha.

Matawi uliyokata usiyaache njiani hata dakika moja. Mwiba mkavu wa kayaba unapita ndala, unapita gurudumu la bodaboda, na watoto wa shule wanapita hapo. Yakusanye kwa reki, yatumie kuziba mapengo ya fensi ya muda ama uyachome sehemu moja.

Kuhusu matunda, wengi wanauliza mbona yao haizai. Kayaba ina mti dume na mti jike, mbali mbali, na ni jike tu anayezaa. Pia ukikata mara kwa mara unakata maua. Ukitaka matunda ya jemu, acha miti michache ya kona ijikulie.

## Kama ua lako limeshaharibika chini

Hii ni kwa wale wa miguu mitupu, msing'oe. Mizizi ya mti wa miaka mitano ni mali.

Subiri mvua ishike vizuri, kata mti wote kwa msumeno ubakie sentimita 30 kutoka ardhini. Fanya upande mmoja wa ploti kwa msimu, usibaki bila fensi kote. Matawi uliyokata yapange nje kama fensi ya muda, tayari ni miiba ya bure. Palilia chini, tia samadi nusu debe kila mita, tandaza nyasi mbali na mashina.

Ndani ya mwezi visiki vitatoa machipukizi mengi sana. Yaache yafike sentimita 30, yakate nusu, na kutoka hapo unafuata Hatua ya 7 kama vile umepanda leo, ila safari hii mizizi iko tayari chini na ua litapanda haraka zaidi. Kisiki ambacho mwezi wa tatu hakijatoa kitu, kwangua gamba kidogo na ukucha: kama ndani ni kijani kipe muda, kama ni kahawia na kikavu king'oe, na uanze kulaza matawi ya majirani zake kuelekea hapo.